Kadi za Rael Kageha na Koa wa Baharini

Jumatatu ya wiki hii, saa tatu asubuhi, kadi mia moja sitini na tatu ziliondolewa katika kabati la nne la chumba cha vielelezo, katika taasisi moja ya utafiti wa viumbe iliyoko Parklands, zikatiwa ndani ya gunia la karatasi za kusagwa. Amri yenyewe ya uongozi ilikuwa na mistari miwili tu: taka za saluni zitolewe kabatini, na aliyezitengeneza atie sahihi kukiri kwamba hazikuwa kamwe sehemu ya kumbukumbu za kisayansi.

Aliyezitengeneza ni Rael Kageha, mwanamke wa miaka arobaini na minane, msafishaji wa taasisi hiyo. Alipewa kalamu. Akaisoma karatasi mara mbili, akairudisha kalamu mezani.

"Nitie sahihi kwamba sikuona?" aliuliza. "Na niliona."

Hilo ndilo kosa lake lote. Aliona, akaandika alichokiona, kisha akakataa kukikana.

Nimezishika kadi hizo mikononi mwangu, kwa hiyo naeleza nilichokishika. Kila moja ina ukubwa wa kiganja. Juu yake zimefungwa nyuzi fupi za nywele bandia, zile zile za kusukia, na kila uzi una rangi ya sehemu moja ya mwili wa mnyama mmoja: huu mgongo, huu ukingo, huu pembe, huu mashavu ya kupumulia. Chini yake, kwa penseli, kuna namba ya chupa na tarehe. Mnyama mwenyewe ni koa wa baharini.

Sisi tunaoishi mbali na pwani twamjua koa wa bustanini, yule wa kijivu anayetoboa sukuma wiki usiku na kuacha ute ukutani. Koa wa baharini ni ndugu yake wa mbali. Wengi wao hawazidi kucha ya kidole gumba. Hana gamba, hana meno ya kutisha, hana mbio. Na bado hutembea mchana kweupe juu ya miamba akiwa na rangi ambazo mtu angedhani zimepakwa kwa brashi. Rangi hizo si pambo, ni onyo. Hula sifongo zenye sumu, akaihifadhi sumu hiyo katika nyama yake mwenyewe, na samaki aliyemwonja mara moja hamsahau. Kiumbe laini kuliko ulimi ameamua kutojificha.

Lakini kuna jambo ambalo watafiti wote wanalijua na wachache hulisema kwa sauti. Koa huyu akitiwa katika spiriti ili ahifadhiwe, rangi humtoka. Baada ya siku chache hubaki kipande cheupe kama utumbo uliochemshwa. Chupa zinapangwa rafuni miaka hamsini, mia, zikiwa na miili isiyoweza kusema ilikuwa nani.

Rael hakulijua hilo alipoingia hapo. Alizaliwa Vihiga, akaja Nairobi na dada yake, na kwa miaka kumi na minne alisuka nywele Kenyatta Market katika kibanda cha mwanamke aitwaye Nyakio. Wasiopita pale hawajui kazi ile inavyofanywa. Mteja huketi mmoja, na wasusi watatu au wanne humzunguka, kila mmoja na upande wake wa kichwa, ili kichwa kinachotaka siku nzima kiishe kwa saa chache. Hapo ndipo rangi inapokuwa sheria. Msusi mmoja akifungua pakiti iliyokolea kidogo kuliko ya mwenzake, mteja ataondoka na kiraka kisogoni, na kesho yake atarudi na matusi. Wala namba iliyo kwenye pakiti haiaminiki: namba ishirini na saba ya mtengenezaji huyu ni ya asali, ya yule ni ya majani makavu.

Kwa hiyo katika kibanda cha Nyakio palikuwa na desturi. Kila msusi alikuwa na pete yake ya chuma yenye vishungi vya rangi zote. Mteja alipoleta uzi na kusema, "Nataka hii hii," hakuna aliyejibu akiwa ndani. Uzi ulipelekwa mlangoni, kwenye mwanga wa jua, ukaloweshwa, kwa kuwa nywele kavu hudanganya. Kisha wasusi watatu waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja achague kishungi kwenye pete bila kumsikia mwenzake. Wawili wakikubaliana, pakiti ilifunguliwa. Wasipokubaliana, mteja aliambiwa arudi kesho.

Miaka kumi na minne ya kukaza mafundo ilimla Rael viungo vya vidole. Kidole gumba cha kulia kikakataa kukunjika. Akaiacha kazi aliyoipenda, akapata ya kufagia na kupiga deki Parklands, akawa anatoka Kawangware alfajiri na kufika kabla ya wenye ofisi. Pete yake ya rangi aliibeba ndani ya mkoba, kama fundi aliyestaafu anavyobeba futi kamba.

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja, alikuta chupa ya plastiki kwenye meza ya Debra, mtafiti kijana wa viumbe vya baharini. Maji ndani yalikuwa na chumvi nyeupe ukingoni. Akainyanyua ili ayamwage.

"Mama Ivyne, weka chini!" Debra alipiga kelele kutoka mlangoni, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kuna mtu ndani."

"Mtu?"

"Koa. Ametoka Kilifi jana."

"Amekuja na nini?"

"Na ndege."

Rael alimtazama Debra, kisha chupa. "Mimi sijawahi kupanda ndege. Huyu hata miguu hana."

Debra akacheka, akamvuta hadi dirishani, akamwekea lenzi ya mkono juu ya chupa. Rael ananieleza kwamba kwanza aliona kitu kama petali iliyoanguka. Kisha petali ikatembea. Mgongo wake ulikuwa mweupe wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa, wenye nukta za zambarau. Ukingo wake ulizungukwa na mstari wa chungwa lililoiva, mwembamba na sawa kila mahali, kana kwamba aliyeuchora hakuinua mkono. Mbele zilisimama pembe mbili ndogo ambazo Debra alisema ndizo pua zake, kwani hunusa maji kwa hizo. Nyuma, mgongoni, palikuwa na ua la manyoya: mashavu yake, wazi kabisa, nje ya mwili. Rael alipoigusa chupa kwa ukucha, lile ua likajikunja na kuingia ndani mara moja, kama mwavuli unaofungwa. Akangoja bila kupumua. Likatoka tena, jani moja baada ya jingine.

"Nilisahau deki," aliniambia. "Maji ya ndoo yalipoa. Nilisema, Mungu, hii umeificha huko chini kwa sababu gani?"

Wiki iliyofuata alipokuwa akipangusa rafu aliona chupa ndogo yenye kipande cheupe.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule yule," Debra alisema.

"Nani amemwosha?"

"Spiriti. Inawamalizanga hivyo. Ndiyo maana tunapiga picha kwanza."

Akamwonyesha picha kwenye kompyuta. Rael akainama, akatikisa kichwa. "Huyo si yeye. Mmempaka ukingo wa tisini na tisa. Alikuwa mia tatu hamsini."

"Mia tatu hamsini gani?"

Rael akatoa pete mkobani. Tisini na tisa ni nyekundu ya divai. Mia tatu hamsini ni ya shaba inayong'aa. Debra akaitazama pete, akaitazama picha, kisha akainua macho kwenye taa ya manjano iliyokuwa juu ya meza ambapo picha zote za miaka mitatu zilikuwa zimepigwa.

"Basi mtengeneze huyu vile alikuwa," Debra akasema.

"Huyu ameniponyoka. Siwezi kufunga rangi ya kukumbuka. Lete mwingine akiwa hai."

Nawaomba wasomaji walipime jibu hilo. Mwanamke aliyeishia darasa la nane alikataa kuandika kitu ambacho hakikuwa mbele ya macho yake. Wangapi wenye shahada wangekataa?

Mwingine aliletwa baada ya miezi mitatu, na hapo ikazaliwa kadi ya kwanza. Rael aliibeba desturi ya Kenyatta Market nzima nzima na kuiweka Parklands. Koa alipelekwa dirishani, kwenye mwanga wa saa mbili asubuhi. Vishungi vililoweshwa katika maji ya chumvi na kushikwa kando ya mnyama. Kisha akawaita watu watatu mmoja mmoja: Debra, mlinzi wa lango, na Bramwel, mtunza ghala la vielelezo, ambaye ni mtu wa Vihiga kama yeye na ana kichwa kilichokwisha nywele.

"Shemeji," Bramwel alisema siku ile ya kwanza, "sasa umeanza kusuka konokono?"

"Afadhali yeye. Wewe hakuna cha kushika."

"Nikikosea utanifanya nini?"

"Nitakurudisha kesho. Chagua na unyamaze."

Wawili walipokubaliana naye, uzi ulifungwa kwenye kadi. Wasipokubaliana, kadi iliachwa na pengo mahali pale. Pengo! Nimeziona kadi zenye mapengo, na ndizo zilizonishangaza kuliko zote, kwa kuwa mtu anayetaka kusifiwa huwa haachi pengo.

Kwa miaka mitano koa waliletwa wakiwa hai, wakaonwa, wakafungiwa nyuzi, wakapauka katika spiriti, na kadi zikabaki na rangi zao katika kabati la nne. Kisha taasisi ikaamua kuchapisha kitabu cha koa wa pwani yetu. Mkuu wa idara, Dakta Mwaura, alizipanga chupa, akaipima miili iliyopauka, akatazama picha za taa ya manjano, na kuamua kwamba wanyama wa chupa ya arobaini na moja na wale wa chupa ya hamsini na nane ni wa aina moja. Ukurasa mmoja, jina moja.

Rael alilisikia hilo akiwa anapangusa meza. Akaenda kabatini, akazitoa kadi mbili na kuziweka mbele yake. Ya kwanza: ukingo wa shaba, pembe za zambarau. Ya pili: ukingo wa asali, pembe nyeusi.

"Daktari, hawa ni wawili. Hata wakiwa kwa kichwa kimoja ungeona kiraka."

"Mama," Dakta Mwaura alijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniudhi, "sayansi si Kenyatta Market. Unataka niseme mbele ya wenzangu kwamba nimetenganisha wanyama kwa nywele za saluni?"

Kurasa zikapelekwa kwa mpiga chapa wa River Road, mzee Njuguna, ambaye ameyajaribu makaratasi na wino kwa miaka thelathini. Njuguna akakataa kuwasha mashine. Akampigia Debra simu kwamba picha alizopewa zina wekundu wa uongo, na kwamba anataka kuona rangi yenyewe. Debra akamchukua Rael na kadi zake, wakapanda ngazi za lile jengo lenye harufu ya mafuta ya taa na gundi.

Mzee alizipokea kadi zile mbili, akavaa miwani, na bila kuambiwa neno akazibeba akashuka nazo ngazi hadi barabarani, kwenye mwanga, kati ya mikokoteni ya mabomba na mifuko ya simiti. Rael aliniambia kwamba alipomwona akiufuata mlango, nusura alie: alikuwa amemwona msusi mwenzake.

"Hawa ni wawili," Njuguna alisema. "Na nani amechagua hizi rangi?"

"Ni mimi, mzee."

"Umesomea wapi?"

"Kwa vichwa vya watu."

"Basi uko na jicho, mama. Mimi sichapishi huu ukurasa. Mwambieni mkubwa wenu aje aone kwa jua."

Ndipo Dakta Mwaura alipotoa sharti. Aina hizo mbili ziletwe zikiwa hai, pamoja, ndani ya mwezi mmoja. La sivyo ukurasa utabaki ulivyo na kadi hazitatajwa tena. Debra akaenda Kilifi mara mbili, akazama, akarudi mikono mitupu mara zote mbili. Siku zikaisha moja moja. Safari ya tatu, zikiwa zimebaki siku nne, alirudi na chupa mbili.

Waliwatia koa wote wawili katika sahani moja ya kioo kwenye ukingo wa dirisha. Walikuwepo Debra, Bramwel, Rael na Dakta Mwaura. Mmoja alikuwa na ukingo wa shaba, mwingine wa asali. Pembe za mmoja zilikuwa zambarau iliyoiva, za mwingine nyeusi kama masizi. Walipitana katikati ya sahani, wakanusana, na kila mmoja akaenda zake, kama wageni wawili waliobaini kwamba si wa ukoo mmoja.

Kisha yule wa shaba akasimama penye kioo na kuanza kutoa utepe. Ulikuwa mweupe, mwembamba, umesimama kwa ukingo wake, na ndani yake kulikuwa na mayai madogo yasiyohesabika. Akazunguka. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mdogo kama kichwa cha kiberiti, wa pili ukaukumbatia wa kwanza, wa tatu ukaukumbatia wa pili, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haikubadilika hata unywele. Hakuwa na mikono. Hakuwa na macho ya kuona alichokifanya, ila vidoa viwili vya kutofautisha giza na nuru. Alikuwa amebebwa angani, amewekwa kwenye dirisha la Parklands, umbali wa mamia ya kilomita kutoka maji aliyozaliwa ndani yake, na bado alifanya kazi yake kama ilivyoagizwa tangu kabla ya sisi sote.

Walisimama zaidi ya saa moja. Mwishowe lilibaki duara la utepe, kama waridi lililofunguka.

"Anaanzia utosini," Rael alisema kwa sauti ya chini. "Anazungusha kichwa. Mimi ilinichukua miaka miwili kuweza hiyo."

Hata Dakta Mwaura alikuwa ameinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Aliponyanyuka alisema maneno mawili: "Ni wawili." Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa baadaye vilisema vivyo hivyo.

Kitabu kilitoka mwaka huu. Ni kizuri, Njuguna alikichapisha kwa uaminifu. Kina kurasa mbili mahali palipokuwa na moja. Na kwenye ukurasa wa shukrani imeandikwa kwamba rangi za wanyama wakiwa hai zilirekodiwa na mkuu wa idara. Mlinzi wa lango hayumo. Bramwel hayumo. Rael Kageha, aliyefunga kila uzi kwa kidole kisichokunjika, hayumo.

Yeye hakugomba. Aliomba jambo moja tu, kwa barua ya mkono: kwamba kwenye pembe ya kila kadi iandikwe "Rangi: R. Kageha," jinsi chupa zinavyoandikwa jina la aliyezikusanya. Barua hiyo ilipokewa Alhamisi. Jumatatu ikaja amri ya taka za saluni. Kadi zisizo na jina zilivumiliwa miaka mitano. Zilipoomba jina, ndipo zikawa uchafu. Debra ameandika malalamiko, na hadi leo hajajibiwa. Bramwel ameambiwa akilifungua gunia atafute kazi kwingine.

Nimemwuliza Rael kama anaogopa kufutwa. Akasema kazi ya deki ipo Nairobi nzima. "Lakini wale wanyama wamekufa," akasema. "Walipita dirishani mara moja. Wakisaga kadi, nani atajua walikuwa namna gani?"

Gari la karatasi za kusagwa hufika Ijumaa. Kwa hiyo naandika kwa mwenyekiti wa bodi ya taasisi hiyo, kwa wajumbe wake wote, na kwako wewe Dakta Mwaura, uliyeinama dirishani ukaona. Toeni kadi hizo mia moja sitini na tatu katika gunia kabla ya gari kufika. Zirudisheni katika kabati la nne, kila moja kando ya chupa yake. Iandikeni kila pembe jina la Rael Kageha, na mchapishe karatasi ya masahihisho itakayotiwa ndani ya kila nakala ya kitabu mlichokwisha kuuza na mtakachouza. Ifuteni karatasi mliyomtaka aitie sahihi, na mumwombe radhi kwa maandishi, mchana, mbele ya wafanyakazi wote. Mna siku tatu.